Mayai Kumi na Moja na Karatasi ya Duara

Inspekta alirudi kazini Jumanne asubuhi akakuta mezani kwake kesi iliyokwisha. Faili lilikuwa limefungwa kwa kamba, jalada limeandikwa kwa mwandiko wa kupendeza, na juu yake koplo wake alikuwa ameacha kikaratasi: Mkuu, karibu tena, hii imebaki sahihi yako tu.

Miaka ishirini na miwili ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kuogopa faili safi. Alitundika koti, akaagiza chai, akaifungua kamba polepole. Kituoni walimwita Mzee Taratibu na jina halikumkera. Alikuwa amewaona wenzake wenye haraka wakirudishwa na hakimu mara tatu kwa jambo moja.

Likizo yenyewe ilikuwa ya siku nne tu, kwa binti yake aliyejifungua. Katika siku hizo nne, kituo cha kutunza wanyama wa asili, kile kilicho ndani ya bustani ya mimea katikati ya jiji, kilikuwa kimepoteza mayai kumi na moja ya kobe wakubwa wa kisiwa. Kobe wa aina hiyo hawapatikani kwingine duniani. Majike yalikuwa yamebaki mawili, moja zee lisilotaga tena, la pili likiwa limekaa miaka tisa bila kutaga hata yai moja mpaka lilipoamua mwaka huu, bila kumshauri mtu, kuanza upya. Mayai yake yalikuwa yamewekwa kwenye kitotoleshi, kabati la chuma lenye joto lisilobadilika, kwa zaidi ya miezi mitatu. Yalitarajiwa kuanguliwa wiki hii hii, na watoto wake wapelekwe kwenye kisiwa kidogo ng'ambo ya bandari, ambako mtu wa mwisho kuona kobe alikwisha kufa zamani. Jumamosi asubuhi kabati lilikutwa tupu.

Mshukiwa alikuwa mlezi wa kobe mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyekaa kituoni humo miaka ishirini na saba. Watu wote walimwita Mama Penseli kwa sababu penseli haikutoka kwenye kilemba chake. Alikuwa rumande tangu Jumapili, na kesho saa tatu angepandishwa kizimbani.

Koplo aliingia na chai akiwa na uso wa mtu anayesubiri pongezi. Alikuwa kijana hodari, nadhifu, mwenye mwandiko mzuri na subira ndogo. Inspekta alimwomba amweleze kesi kama vile yeye ni hakimu aliyeamka vibaya.

Koplo alieleza. Kitotoleshi kina saa ya kutia ufunguo, inayozungusha karatasi ya duara, na juu yake kalamu inachora mstari wa joto kwa wiki nzima. Mstari ulionyesha kwamba Alhamisi joto lilianza kupanda saa tano, likafika mbali, na saa nane kamili mchana likaanguka ghafla. Maana yake mlango ulifunguliwa wazi. Siku hiyo na saa hiyo, chumbani mle walikuwa watu wawili tu: Mama Penseli na fundi wa majokofu aliyeitwa kutengeneza mashine. Mama Penseli mwenyewe alikiri kuwa hakutoka chumbani mpaka saa kumi. Basi ama aliyachukua yeye, ama alishika mlango wakati fundi anayachukua. Watu wa kununua mayai ya kobe adimu hawakosekani.

"Na fundi yuko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Kakimbia, mkuu. Karakana yake imefungwa tangu Jumamosi."

Inspekta aliichukua karatasi ya duara. Koplo alikuwa ameibandika kwa gundi kwenye kadi ngumu ili isikunjike, na pembeni ameandika maelezo kwa wino mwekundu. Inspekta aliufuata mstari kwa ncha ya kijiko cha chai. Ulianzia kwenye alama ya Jumatatu saa tatu asubuhi, ukaenda umenyooka kwenye nyuzi thelathini na moja. Jumatano saa nane palikuwa na kibonde kidogo kisha ukarudi palepale. Alhamisi ulipanda, ukaporomoka, ukapanda tena juu kabisa na kubaki huko. Halafu ukaishia.

Alikunywa chai hadi nusu ya kikombe. Koplo alianza kuhama kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

"Uliitoa wewe karatasi hii?"

"Mimi mwenyewe, mkuu. Jumamosi, saa tatu asubuhi. Nimeandika hapo."

"Ulipoitoa, saa ya mashine ilikuwa inazunguka au imesimama?"

"Ilikuwa inazunguka. Kalamu ilikuwa inachora."

"Basi nieleze, mwanangu. Kalamu ilikuwa inachora Jumamosi saa tatu. Mbona mstari umeishia Ijumaa saa tatu?"

Koplo aliinama juu ya kadi. Alihesabu kwa kidole, akahesabu tena, akakohoa. Alisema labda mashine ilikuwa imechelewa. Inspekta alimwuliza ni saa gani inayochelewa siku nzima bila kukosa hata dakika.

Walishuka pamoja mahabusu. Mama Penseli alikuwa ameketi kwenye benchi, mgongo umenyooka, kilemba chake kikiwa na tundu mahali penseli ilipozoea kukaa. Waliichukua walipomwingiza, kwa sababu sheria inakataza vitu vyenye ncha. Inspekta alimsalimu shikamoo ingawa hawakupishana sana kwa umri, maana aliona kuwa mama huyu anahitaji kusalimiwa na mtu. Aliitikia, kisha akauliza yeye kwanza.

"Mmeyapata?"

"Bado, mama."

"Basi nyumbani msinirudishe. Nitakwenda kufanya nini."

Alisema hivyo bila kulia, na Inspekta aliumia zaidi kuliko kama angelia. Alivuta kiti, akamuuliza kuhusu karatasi ya duara: nani huiweka, na lini.

Mama Penseli alimtazama kwa mshangao, kwa sababu siku tatu hizi alikuwa ameulizwa mambo mengi isipokuwa kazi yake. Alisema yeye huiweka, kila Jumatatu. Ila wiki iliyopita Jumatatu ilikuwa mapumziko, bustani nzima ilifungwa, kwa hiyo aliiweka Jumanne. Kalamu ya mashine ile imezeeka na inashuka vizuri pale tu penye tundu la Jumatatu, kwa hiyo miaka yote wanaanzia hapo, iwe Jumatatu, iwe Jumanne. Siku halisi anaiandika nyuma ya karatasi kwa penseli. Kila mtu kule bustanini anajua.

"Nyuma ya karatasi," Inspekta alirudia, akamgeukia koplo.

Koplo alikuwa anatazama viatu vyake.

Birika la chai lilichemshwa upya. Waliishikilia kadi juu ya mvuke, na koplo, jasho likimtiririka, aliibandua karatasi kutoka kwenye gundi kidogo kidogo kwa wembe. Nyuma yake, kwa mwandiko mdogo wa penseli uliofifia, palikuwa na neno moja na tarehe: Jumanne. Kuanzia siku hiyo kituo kizima kilimwita Koplo Gundi, na jina hilo lilimfuata hata alipopanda cheo.

Inspekta aliandika upya ratiba yote nyuma ya bahasha, akisogeza kila kitu siku moja mbele. Kile kibonde kidogo hakikuwa cha Jumatano, kilikuwa cha Alhamisi saa nane: fundi alifungua mlango, akabadilisha kifaa, akafunga, joto likarudi mahali pake. Alhamisi hapakutokea kitu kingine. Joto lilianza kupanda Ijumaa saa tano, na mlango ukafunguliwa wazi Ijumaa saa nane.

"Ijumaa ulikuwa wapi, mama?"

"Kwenye mkutano wa kibali cha kile kisiwa, ofisi za ng'ambo ya jiji. Kutwa nzima, watu kumi na wawili. Simu zetu walizikusanya mlangoni." Aligusa kilemba chake penye lile tundu. "Hakuna aliyeniuliza habari za Ijumaa."

Koplo alikwenda kupiga simu na akarudi baada ya robo saa. Watu wote kumi na wawili walikuwa wanamkumbuka, na wengine walilalamika kwamba aliwahutubia kuhusu kobe mpaka chakula kikapoa. Inspekta alishusha pumzi. Mtu mmoja alikuwa ametoka kwenye shimo, lakini mayai yalikuwa bado hayajulikani yalipo, na muda wake wa kuanguliwa haukusubiri polisi. Alitia sahihi karatasi ya kumtoa mshukiwa, akamwomba Mama Penseli afuatane nao kama mtaalamu. Mama alirudishiwa mkoba na viatu. Penseli ilikuwa imepotea kwenye droo ya vielelezo, na hapakuwa na muda wa kuitafuta.

Garini Inspekta aliifikiria ile mistari. Kibonde cha Alhamisi hakikumsumbua. Kilichomsumbua ni kupanda kwa joto siku ya pili yake, saa tatu nzima kabla ya mlango kufunguliwa.

"Mwizi hapashi moto mali kwanza ndipo aibe," alimwambia koplo. "Aliyefungua ule mlango alikuta mayai yanaiva. Nataka kujua nani aliyekuwa anayapika."

Karakana ya fundi ilikuwa kwenye uchochoro wa nyuma ya mitambo ya barafu, nayo ilikuwa na kufuli. Jina lake mtaani lilikuwa Fundi Kesho, kwa sababu ndilo jibu alilompa kila mteja. Inspekta aligonga kwa adabu, kisha akaweka sikio kwenye bati na kusikia redio ikizimwa. Alisema kwa sauti ya kawaida kuwa yeye atakaa hapo nje, ana gazeti na hana haraka. Baada ya dakika kumi hivi kufuli lilifunguliwa na mke wa fundi aliyekuwa ng'ambo ya uchochoro muda wote huo, na mume akatoka chini ya jokofu lililolazwa ubavu.

Alikuwa na kesi yake kichwani, lakini haikuwa ile ya koplo. Alikana mayai kabla hajaulizwa, lakini walipomuuliza habari za themostati, kile kifaa kinachokata moto joto likizidi, akageukia jokofu lake. Inspekta alimsubiri. Fundi alianza kuvua na kuvaa pete yake.

"Mpya hazikuwepo madukani, mzee. Nikasema nitamwekea ya muda, kesho nirudi."

"Uliitoa wapi ya muda?"

"Kwenye jiko la kuokea mikate," fundi alisema.

Mama Penseli alifumba macho. Fundi aliharakisha kueleza kwamba aliirekebisha, akaijaribu saa nzima na ikakaa vizuri kabisa kwenye thelathini na moja. Inaelekea iliteleza baadaye, chuma chake kilizoea moto mkubwa. Jumamosi aliposikia polisi wamezagaa bustanini alijua ni kwa ajili ya hiyo, akajifungia. Hakuwa na habari ya wizi wowote mpaka mkewe aliposoma gazetini.

Koplo alitaka kumfunga pingu papo hapo. Inspekta alikataa na kumwambia fundi aende kuitafuta themostati ya kweli leo, na asithubutu kutaja kesho.

Chumba cha kitotoleshi kilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu, nyuma ya vizimba vya popo na mabwawa ya vyura. Mlangoni palikuwa na kidirisha cha kioo na chini yake tangazo lililoandikwa kwa herufi kubwa: ATAKAYEFUNGUA BILA RUHUSA, KAZI HANA. Mama Penseli alisema ameliandika yeye. Miaka mingi iliyopita mtu wa usafi alifuta vumbi juu ya mayai na kuyageuza bila kujua. Yai la kobe halitaki kugeuzwa, kilicho ndani kinajishika upande mmoja, na ukikizungusha kinakufa. Yote yaliharibika. Tangu siku hiyo kila yai linawekwa alama ya penseli upande wa juu, maana wino hupenya ganda, na mgeni haruhusiwi hata kupumua karibu. Ufunguo wa akiba ulikaa ndani ya sanduku la huduma ya kwanza ukumbini, siri iliyojulikana na wafanyakazi wote.

Inspekta hakuingia ndani upesi. Alisimama mbele ya kile kidirisha. Kioo kilikuwa na ukungu wa vumbi na chumvi ya bahari, kama vioo vyote vya jiji hilo, isipokuwa sehemu moja yenye ukubwa wa uso wa mtu, iliyokuwa inang'aa. Ilikuwa upande wa nje. Alijaribu kuchungulia kupitia hapo na ikambidi apinde magoti.

"Mama, wewe huchungulia hapa?"

"Mimi nina ufunguo. Nichungulie nini?"

Ndani aliangalia taratibu. Sanduku maalumu la kusafirishia mayai, lenye sponji, lilikuwa bado ndani ya stoo yenye kufuli. Mchanga wa kwenye trei ulikuwa haupo. Kipimajoto kidogo cha kuning'iniza kilikuwa hakipo, lakini kile kikubwa cha gharama kilikuwa mahali pake. Mwizi wa kuuza angebeba sanduku na kuacha mchanga. Huyu alibeba mchanga na kipimajoto kidogo, na hakuwa na ufunguo wa stoo. Inspekta alimwambia koplo aandike kwamba hatafuti tena mtu aliyeyachukua mayai, anatafuta mtu aliyeyahamisha.

Kwenye ukumbi, karibu na ndoo ya deki, makoti manne ya kazi yalining'inia, yamechafuka tope na majani. Mama Penseli aliyakunjia uso. Alisema yanafuliwa kila mwisho wa wiki. Dada wa usafi huondoka nayo Ijumaa kwenye beseni na kuyarudisha Jumatatu yamepigwa pasi, hajakosa hata mara moja kwa miaka sita.

Inspekta aliomba daftari la getini. Koplo alikuwa amelisoma, lakini ukurasa wa Alhamisi tu. Kwenye ukurasa wa Ijumaa, saa nane na dakika ishirini, mlinzi alikuwa ameandika: dada wa usafi, katoka, beseni moja, nguo za kufua.

Alitazama makoti machafu, akatazama daftari.

"Dada huyo ni mfupi?"

"Ananifika hapa," Mama Penseli alisema, akionyesha bega. Kisha mkono wake ukabaki hapohapo begani.

Koplo alikohoa. Alisema kwa sauti ndogo kwamba dada wa usafi alikuja kituo cha polisi jana mara mbili, na chakula cha mama, akitaka kuonana na mkubwa. Alimwambia mkubwa yuko likizo na chakula hakipokelewi saa zile. Inspekta hakumgombeza. Koplo alikuwa anajigombeza vya kutosha, ilionekana usoni.

Mlinzi wa getini alijifanya hamnazo kwa muda wa maswali mawili. Alipoulizwa la tatu, kama ni kweli kwamba beseni la nguo lilimtoa mtu jasho mpaka akalibeba kwa mikono miwili bila kulitikisa, alikaa chini kwenye kiti chake cha plastiki. Dada wa usafi alikuwa mke wa kaka yake.

"Shemeji alinisihi, mzee. Aliniambia ni ya Mama Penseli, yamepata homa, anayapeleka kupoa. Nikamcheka. Nikamwambia shemeji, siku hizi umekuwa mganga wa kobe? Nikaandika nguo." Alijifuta uso. "Halafu Jumamosi huyu kijana wenu akapanda juu ya kiti akasema aliyeyagusa atazeekea jela. Mdomo wangu ukafunga wenyewe. Na yeye nilimwambia afunge wake."

Nyumba ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbao, umbali wa kutembea. Mama Penseli alipanda ngazi mbele ya wote. Inspekta alimwacha atangulie, akijua kwamba ameruhusu jambo ambalo haliko kwenye kitabu chochote cha taratibu za polisi.

Mlango ulifunguliwa kabla hawajabisha. Dada wa usafi alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini hivi, macho mekundu, na kwenye kilemba chake palikuwa na penseli. Alipomwona Mama Penseli alipiga magoti palepale kizingitini. Mama hakumwinua wala hakumsemesha. Alimpita, akaingia ndani.

Jikoni, nyuma ya friji kuukuu iliyokuwa inanguruma, lilikuwepo beseni la bluu juu ya stuli. Sakafuni palikuwa na alama za chaki kuonyesha stuli ilivyosogezwa, karibu na mgongo wa friji wenye joto, au mbali kidogo. Kipimajoto kidogo kilichochomekwa kwenye mchanga kilisoma thelathini na moja. Mayai yalikuwa kwenye mistari mitatu, kama yalivyokuwa kwenye trei, na kila moja alama yake ya penseli ilikuwa juu.

Mama Penseli aliweka kiganja juu ya mchanga. Inspekta aliyeshuhudia watu wakipokea habari za kila aina alitazama pembeni, kwa sababu mama huyu alikuwa ameanza kulia sasa, na alilia kwa muda.

Dada wa usafi alisimulia akiwa bado kwenye kizingiti. Ijumaa alichungulia kwenye kioo kama kila siku, maana alipenda kuyaona, akakuta sindano ya kipimajoto kikubwa imefika thelathini na sita. Alipiga simu ya mama mara tisa, imezimwa. Swichi ilikuwa ndani ya boksi lenye kufuli. Aliogopa kuyaacha mezani kwa sababu ya paka wa bustani. Aliwahi kumwona mama akiyahamisha, akafanya vilevile: beseni, mchanga wa trei, moja moja, alama juu. Akapiga deki mchanga uliomwagika. Alikusudia kumwambia mama Jumamosi asubuhi ana kwa ana, kwa sababu ya lile tangazo. Alipofika akakuta polisi.

"Ningeyarudisha," alisema. "Lakini mama alishasema yakikaribia kuanguliwa hayabebwi mara mbili. Na jana nilikuja kusema, wakanirudisha." Akamtazama Inspekta. "Mtanifunga?"

"Kwa kosa gani? Faili linasema mayai yameibwa. Mwenyewe huyu hapa amekaa nayo."

Juu ya friji palikuwa na daftari la shule. Inspekta alilifungua. Kuanzia Ijumaa saa tisa alasiri, kwa penseli, kila saa ilikuwa na mstari wake: saa, joto, stuli imesogezwa vidole viwili, stuli imerudishwa. Hapakuwa na saa iliyorukwa, ya mchana wala ya usiku. Mumewe alikuwa safarini na watoto aliwapeleka kwa bibi yao wasije wakayachokoa. Mayai yaliachiwa jiko zima na mlinzi mmoja.

Mama Penseli alikuwa ameinama juu ya beseni, anayakagua moja moja bila kuyagusa. La pembeni, lililokuwa karibu zaidi na moto siku ile, lilikuwa limebonyea na kutoa harufu. Alisema hilo halikuwahiwa. Kumi yalikuwa mazima. Kisha akainua mkono kuwanyamazisha wote, na hata koplo aliacha kupumua. Katikati ya mstari wa pili ganda lilikuwa limepata ufa, na kwenye ufa ule kitu kidogo cheusi, pua yenye ukubwa wa kichwa cha kiberiti, kilikuwa kinasukuma.

Kilisukuma, kikapumzika, kikasukuma tena. Kilikuwa na mwendo uleule wa Inspekta, na Inspekta alikuwa radhi kukaa pale hata mpaka jioni. Alitabasamu peke yake na hakujali nani anamwona.

"Mwanangu," Mama Penseli aliita bila kugeuka. Dada wa usafi alinyanyuka kutoka kizingitini, akaja taratibu, bado anaogopa.

"Tangu Ijumaa umelala saa ngapi?"

"Sijalala, mama."

Mama Penseli alinyoosha mkono nyuma, kiganja wazi.

"Nipe hiyo penseli. Zamu yangu sasa, wewe ukalale."

Dada wa usafi aliitoa kwenye kilemba na kumpa. Alilala kwenye mkeka mlemle jikoni, miguu karibu na stuli, na kabla koplo hajamaliza kushuka ngazi kwenda kuwaambia wa bustanini walete mchanga mwingine, alikuwa amekwisha kushikwa na usingizi. Mama Penseli alivuta daftari la shule, akatazama saa ya ukutani, na chini ya mstari wa mwisho akaandika: saa saba na dakika kumi, thelathini na moja, mmoja anatoka.